Tairi Nililolipaka Mafuta ya Nazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mliokaa mbele, asifiwe na nyinyi wa nyuma mliowahi feni. Mimi ni Zakaria, mdogo wake Stefano wa mikate. Wengi mnanijua, na wengi mnanijua kwa ubaya. Ndiye mimi niliyewatangazia watoto wa skuli ya Jumapili waje na sahani kwa kuwa kuna pilau, na pilau haikuwepo. Ndiye mimi ninayekohoa kama Mchungaji. Leo nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikisimama kusema hivi hivi mnaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na hili sitaki mlicheke. Anayetaka kucheka acheke hapa mwanzo, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Ndugu zangu, baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano. Kaka Stefano aliacha skuli wiki ile ile, akachukua pikipiki ya marehemu, akafunga tenga nyuma, akaanza kupeleka mikate. Alfajiri anachukua mikate ya boflo ya moto mjini, anaigawa madukani kuanzia hapa Bububu mpaka Mahonda. Mama anashona mashuka, mimi nasoma. Sare zangu, madaftari yangu, unga, mafuta ya taa umeme ukikatika, vyote vilitoka kwenye lile tenga. Nyumba yetu nzima ilikuwa imepanda pikipiki moja, na mimi nilikuwa abiria asiyejua kushukuru.

Mwanzoni mwa mwaka huu tairi la nyuma lilikwisha. Lilikuwa kipara, tena kipara kinachong'aa kuliko cha Mchungaji. Nisamehe, Mchungaji, lakini huu ni ushuhuda na ushuhuda husema kweli. Kaka hakuwa na nafasi ya kwenda kwa fundi, akanituma mimi.

Nikaenda kwa Fundi Machano, yule Mtumbatu mwenye kibanda cha mabati karibu na barabara. Nimemfahamu tokea mdogo. Nikamwambia, "Shikamoo Fundi. Nataka tairi la nyuma, lile pale lenye kashata kubwa." Kashata ni vile vipande vya mpira vilivyotuna usoni mwa tairi. Lile nililolionesha lilikuwa na kashata kama vigae, tairi la kupandia milima, na sisi Unguja hatuna hata mlima mmoja wa kujisifia.

"Marahaba. Kakaako anapeleka mikate au anakwenda vitani?"

"Anapeleka mikate, Fundi, lakini mie nikipita nalo mjini watu wageuke."

"Watageuka kweli, wakutazame uko chini. Hili la porini, mwanangu. Kwenye lami linagusa kwa ncha ncha tu. Mvua ikinyesha utacheza ngoma bila kualikwa."

Akanikalisha juu ya tairi la gari akanifundisha, na mimi nikimwiga sauti pembeni ili vijana wa boda waliokuwepo wacheke. Lakini masikio yalisikia, ndugu zangu, ndiyo maana naweza kuwaeleza mpaka leo. Alinionesha namba za ukubwa, kwamba zilingane na za tairi linalotoka. Akanionesha tarakimu nne ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, kwa sababu tairi linaweza kuwa halijavaliwa na bado likawa zee, limekauka dukani. Akachukua kidole changu akakibonyeza kucha kwenye mpira. Kwenye moja kucha iliteleza kama kwenye kigae. Kwenye jingine ilizama kidogo, ikaacha alama. "Hili ndilo linaloshika," akasema. Kisha akanionesha mshale wa upande linakozunguka, na mifereji ya kutoa maji. Akasema wako watu wanaochukua tairi kipara wakalichonga mifereji upya kwa kisu cha moto, wakalipaka rangi ya viatu, wakaliuza kama jipya. "Mie hilo sifanyi. Nitakuja kuulizwa."

Halafu akanyoosha kiganja chake, kimejaa masizi. "Tazama hapa. Tairi lote hilo, linalogusa chini ni kiasi cha hiki tu. Kakaako na mikate yake na roho yake vimekaa juu ya kiganja."

Alipolifunga lile laini akanipa maagizo mawili nimfikishie Kaka. La kwanza, tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, siku za mwanzo aende polepole mpaka uso ukwaruzike. La pili, lisipakwe kitu chochote. "Nyinyi vijana wa Sikukuu nnakujueni. Mnachukua mafuta ya nazi mnapaka tairi ling'ae. Ukipaka ubavuni umejipendezesha. Ukipaka usoni umechimba kaburi."

Nikasema, "Nimesikia, Fundi." Na nilikuwa nimesikia! Hapo ndipo dhambi yangu ilipoota, kwa sababu siwezi kusema sikuambiwa.

La kwanza nilimfikishia Kaka. La pili niliona halina haja.

Siku ya pili ya Sikukuu ya Idd, sisi watoto wa Bububu huwa hatuulizani nani Mwislamu nani Mkristo. Wote tunakwenda viwanja vya Sikukuu mjini, tunakula mishikaki na aiskrimu, tunatazama watu na kutazamwa. Kaka alikuwa ameniahidi kwamba akimaliza mzunguko wa asubuhi ataniachia pikipiki mchana, maana leseni nilikuwa nshaipata. Akarudi saa nne, akaingia kulala. Mimi nikaitoa uani, nikaiosha, nikachukua chupa ya mafuta ya nazi ya Mama, yale ya nywele, nikapaka mbavu za tairi. Likang'aa, weusi wake ukawa mzuri ajabu. Lakini uso wa tairi ukabaki umefifia, likawa kama mtu aliyenawa uso akasahau shingo. Nikasimama pale na kitambaa mkononi, nikamkumbuka Fundi Machano, nikacheka, nikamwiga, "umechimba kaburi," kwa sauti yake kabisa. Nikapaka na usoni.

Nilipomaliza, simu ya Kaka ikalia. Maduka ya huko juu, upande wa Mahonda, yamemaliza mikate, watu wamejaa kwa sababu ya Sikukuu, alete haraka mizigo miwili zaidi. Kaka akatoka anafikicha macho. Akaitazama pikipiki.

"We, mbona tairi linang'aa hivi?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi hapo. Neno moja tu lilitosha. Mafuta. Silabi tatu. Angechukua sabuni ya unga, dakika kumi angekuwa ameliosha, angenitukana kidogo tukaendelea kuishi. Lakini nikaona atanigombeza, atanikatalia na kwenda Sikukuu. Nikasema, "Limeoga, Kaka. Leo Sikukuu hata tairi lina haki ya kupendeza."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika tangi. Akanipiga kofi la upendo kisogoni, akaondoka. Sijamsikia akicheka vile tena.

Kutoka kwetu mpaka mjini hakuna kona kali na barabara ilikuwa kavu, akafika, akapakia. Alipokuwa anarudi mvua ikaanza, si kubwa, ni yale matone ya kwanza ya masika yanayochanganyika na vumbi na oili barabarani, yanayoteleza kuliko mvua yenyewe. Kwenye ile kona baada ya Bububu alilaza pikipiki kidogo kama siku zote. Tairi la nyuma halikushika. Waliokuwepo wanasema ilikwenda ubavu kama mtu amevutiwa zulia. Mikate ilitapakaa lami nzima. Pikipiki ikamburura mpaka kwenye ukingo wa mtaro, na mguu wake wa kulia ukabaki chini yake.

Nilifika kwa miguu. Nilimkuta amelazwa kwenye kanga ya mama mmoja wa pale, uso wa kijivu, na watoto wanaokota boflo zilizolowa. Ananitazama, anasema, "Zaka, mikate." Hilo tu. "Zaka, mikate."

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Madaktari walifanya kazi yao, Mungu awabariki, lakini uliunga ukiwa mfupi, na goti halikunji. Kaka yangu ana miaka ishirini na sita. Sasa anakaa barazani kwetu na meza ndogo, anauza mikate inayoletwa na mwingine. Mama anashona mpaka macho yanamtoka machozi. Na mimi nikaendelea kwenda skuli, nikaendelea kuchekesha darasa, kwa sababu ningenyamaza wangeniuliza nina nini.

Sasa sikilizeni nilivyozama. Watu walitaka sababu. Wengine wakasema ile kona ina shetani, kwani si wa kwanza kuanguka pale. Nyinyi kina mama wa maombi mnakumbuka, mlikwenda Jumamosi ile mkaikemea kona. Nani aliyebeba ngoma? Mimi. Nani aliyeitika "Amina!" kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka Mama Mchungaji akasema kijana huyu ameguswa? Mimi! Mlikuwa mnamfukuza shetani wa kona na shetani amesimama katikati yenu anapiga ngoma. Mnisamehe. Wakati ule nilitaka kucheka na nilitaka kufa, vyote pamoja.

Wengine hawakutaka shetani, walitaka mtu. Wakasema tairi halikuwa jipya, lilichongwa. Neno hilo likamfikia Mama. Jirani akamfungulia tairi kwenye ile pikipiki iliyopinda, na Mama yangu, Bi Agnesi mnayemjua, asiyepandisha sauti hata kwa kuku, akalibeba begani kutoka nyumbani mpaka kwa Fundi Machano, mimi nyuma yake. Akalitupa mbele ya kibanda, mbele ya vijana wote wa boda.

"Chukua tairi lako la kuchonga! Umemuulia mwanangu mguu. Watoto wako watembee, wangu achechemee!"

Fundi Machano akainama akaliokota. Akalizungusha. Akapitisha kidole gumba usoni mwake, kisha akakileta kidole puani. Akanitazama. Mimi nikatazama mtaro. Nikangoja aseme. Yeye akasema, "Pole, Bi Agnesi. Pole sana." Basi. Akaingia ndani na lile tairi.

Nikajiambia hajajua. Nikajiambia mvua imeosha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, na mimi maneno sijawahi kukosa.

Tokea siku ile vijana wa boda wakahamia kwa mafundi wengine. Mmoja alianza, wengine wakafuata. Nikipita kutoka skuli namwona amekaa peke yake juu ya tairi lile lile la gari alilonikalisha, matairi mapya yamepangwa nyuma yake yanashika vumbi. Wiki nne, tano, miezi miwili. Nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye matope, nisimwone. Viatu vyangu vilikuwa vichafu kila siku na Mama ananiuliza kwa nini. Usingizi ukawa haba. Nikisali maneno hayapandi, yanaishia kwenye dari. Nilijaribu kutubu kwa siri, ndugu zangu, nikamwambia Mungu tumalizane mimi na wewe tu, tusiwasumbue wengine. Hakunijibu. Nadhani alikuwa anangoja niende kwa Machano kwanza.

Siku moja ya Jumatano njia ya nyuma ilijaa maji, nikalazimika kupita mbele. Nikamkuta anafunga vitu vyake kwa kamba. Pampu, spana, beseni la kupimia pancha.

"Zakaria!"

"Naam." Miguu ikasimama yenyewe. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Njoo unipe mkono wa kwaheri. Ijumaa nnarudi kisiwani kwetu Tumbatu. Hapa kazi imekwisha."

Nikasema, kwa sababu nilikuwa bado mpumbavu, "Utakwenda kuvalisha ngalawa matairi?"

Hakucheka, wala hakukasirika. Akanyoosha mkono nyuma ya kibanda akatoa tairi. Lilikuwa lile. Alikuwa amelifunga kwa mfuko wa plastiki miezi yote ile. Akaufungua, akaniambia, "Nusa."

Nikanusa. Ndugu zangu, harufu ilikuwemo, kwenye mifereji, mafuta yamechacha. Ilikuwa harufu ya nywele za Mama.

Nikamuuliza, "Umejua lini?"

"Siku ile ile, mama'ko amesimama hapo."

"Kwa nini hukusema, Fundi? Ungelinusisha watu wote!"

Akalifunga tena taratibu. Akasema, "Mama'ko alikuwa na mtoto mmoja hospitali. Nikisema, wa pili angempeleka wapi? Nikaona mie mkubwa, nitabeba kidogo, mwenyewe atakuja kulichukua. Nimekungoja, mwanangu. Njia ya nyuma ina matope mengi, eti?"

Nililia pale. Nililia kwa sauti, mimi Zaka, barabarani, na vijana wa boda wanapita wanatazama. Sikupata mzaha hata mmoja wa kujifunikia. Bwana asifiwe! Kwa sababu nawaambia, ule ndio ulikuwa wokovu wangu. Sikuona nuru, sikuanguka chini, sikunena kwa lugha. Mzee wa Kiislamu aliyejaa masizi alininusisha tairi, na Mungu akaniuliza kwa pua yangu mwenyewe.

Nikalibeba begani kama alivyolibeba Mama. Alasiri ile ile nikaliweka sakafuni mbele ya Mama na Kaka. Nikasema yote. Chupa, kitambaa, namna nilivyomwiga Fundi, "limeoga." Mama akakaa chini, sindano bado iko mdomoni. Kaka akauliza jambo moja tu.

"Nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Kaka."

Akageuza uso ukutani. Wiki tatu hakusema na mimi. Nikimpa chai anaichukua, hasemi. Nikimshika mkono kushuka barazani ananishikilia, hasemi. Mwanadamu akikupiga unajua pa kusugua. Hili halikuwa na pa kusugua.

Asubuhi ya Ijumaa ile aliyopanga kuondoka, Mama alikwenda kwa Fundi Machano na hakutaka nimfuate, lakini nilifuata kwa mbali. Alipiga magoti kwenye ile changarawe yenye oili. Fundi akawa anahangaika, "Bi Agnesi, inuka, watu wanatazama, inuka." Mama akasema, "Nilikutukana mbele yao, na waone." Wakafungua kamba pamoja, wao wawili, spana moja moja.

Kwa hiyo hakuondoka. Lakini kibanda bado kiko kimya, ndugu zangu, na hili ndilo lililonileta hapa mbele kuliko jingine. Neno la uongo nililoliacha lizunguke limefika mbali kuliko miguu yangu. Wako waliohama ambao hawajarudi, na wengine wako humu ndani, nawaona. Nasema mbele ya Mungu na mbele yenu: tairi la Machano lilikuwa jipya, lilikuwa laini, mwaka wake ulikuwa sawa, na aliniambia nisilipake kitu. Aliyelipaka ni mimi. Mwaminini yule mzee. Nendeni kwake, mbonyeze kucha mjionee.

Na wewe uliyekaa hapo una chupa yako umeificha, una kitu ulichokipaka na unangoja mvua ioshe, nakuambia haioshi. Inabaki kwenye mifereji. Mtumaini Bwana, inuka, kilete. Utapoteza usingizi wa watu wengi ukikaa nacho. Mimi nilimpotezea kaka yangu mguu kwa kusema utani, na sikumrudishia kwa kusema kweli. Mguu haukurudi. Sitawadanganya kwamba ulirudi ili ushuhuda unoge.

Lakini nina shukrani moja, na hii nimalizie.

Jumapili iliyopita pikipiki ilikuwa imetengenezwa, imenyooshwa, ina tairi jipya nililochagua mwenyewe kwa Machano, nikaliendesha polepole wiki nzima likakwaruzika. Nilikuwa naitoa uani nije kanisani. Kaka akaja na gongo lake. Akainama, kwa taabu, mguu ule haukunji, ikabidi aunyooshe pembeni kama anatambaa. Akabonyeza kucha kwenye mpira. Kisha akaweka pua yake juu ya tairi, akanusa, muda mrefu. Mimi nimesimama nashika breki.

Akainuka. Akasema, "Nipakie."

Hilo ndilo neno la kwanza. Nikampandisha nyuma, mguu wake umenyooka kama mwamvuli, gongo tumelifunga kwa kamba ya mikate. Tulipofika kwenye ile kona kulikuwa na rasharasha. Nikapunguza mwendo mpaka watembea kwa miguu wakatupita. Tulipoanza kuinama kidogo, kiganja chake kikaja begani kwangu kikashika.

Kilibaki pale mpaka mlangoni mwa kanisa. Asante, Bwana. Amina.